Louwman Museum, Den Haag: nenda ukaione Toyota iliyochoka kuliko zote

Nianze na jibu kabisa, mwenye haraka aondoke nalo: nenda. Kama unapenda magari tenga siku nzima, kama hupendi magari tenga nusu siku, na kama umefika Uholanzi kikazi na unaona uvivu kutoa hela ya kiingilio kwenda kuangalia vyuma, basi soma kwanza hapa chini habari ya Toyota moja ndio uamue. Mimi nilipelekwa na shemeji yangu anayekaa Rotterdam, yeye alitaka twende kwenye tulipani, nikamwambia shem, maua hata Arusha yapo tena yanapanda ndege kuja huku, nipeleke kwenye magari.

Na ndio, Den Haag ni Hague ile ile ya mahakama ya kimataifa. Ukiwaandikia watu wa nyumbani kwenye grupu la familia kwamba uko Hague, wa kwanza kujibu lazima aulize kesi yako inasikilizwa lini. Ila hii ni Hague nyingine kabisa, upande wa barabara ya zamani ya kwenda Leiden, mpakani na Wassenaar, jirani na msitu na kasri la Huis ten Bosch anakoishi mfalme wao. Mtaa umetulia, miti mingi, unaweza kudhani unaenda kwa mtu binafsi.

Na kwa namna fulani ni kwa mtu binafsi kweli. Hili jumba ni la ukoo. Akina Louwman ni wafanyabiashara wa magari, yaani wanaagiza na kuuza, kazi ambayo sisi tunaijua vizuri sana. Mzee Pieter Louwman alikuwa anaingiza Dodge Uholanzi, na mwaka 1934 ikaangukia mikononi mwake Dodge ya mwaka 1914. Hesabu hapo, gari ina miaka 20. Kwa muuza magari wa wakati ule hiyo ilikuwa takataka, unaikata unauza chuma basi. Yeye akaibakiza. Kutoka hiyo moja ikaja nyingine na nyingine, mtoto wake Evert akaendeleza, biashara nayo ikakua, mwaka 1964 wakaanza kuingiza Toyota Uholanzi, na leo jumba lina magari zaidi ya 250 ya kuanzia enzi za mvuke.

Hapo kwenye miaka 20 nilicheka peke yangu. Kwetu gari ya miaka 20 inashuka bandarini Dar ikiwa "mpya", ina nailoni kwenye siti, mwenyewe anaipeleka kanisani ikaombewe. Toka lini Corolla ya 2004 ikawa kitu cha makumbusho, jirani yangu anaiita gari ya juzi. Lakini ukitulia unaona huyo mzee aliona nini. Hakuwa anatunza gari ya bei mbaya, Dodge ilikuwa gari ya kawaida tu ya wenye nafasi kidogo. Alikuwa anatunza bidhaa yake mwenyewe, kitu alichokuwa anauza kila siku, kabla hakijapotea chote. Ni muuza duka aliyeweka kando pakiti moja.

Nikakumbuka gereji ya mjomba wangu pale Ngamiani, Tanga. Mjomba alikuwa fundi wa Pijo na Land Rover, gereji ina bango la mbao lililoandikwa kwa mkono, ina madaftari ya wateja, nani kaleta gari lini, imefanywa nini, kalipa ngapi na anadaiwa ngapi (wanaodaiwa walikuwa wengi kuliko waliolipa). Alipofariki vijana wakauza vyote kwa mtu wa chuma chakavu, wakapiga kwa kilo, madaftari yakaishia kufungia maandazi. Siwalaumu, walikuwa na ada za shule za kulipa. Lakini leo ukiuliza Tanga nzima kazi ya yule mzee imebaki wapi, imebaki kwenye mdomo wa wazee wawili watatu wanaokaa kijiweni, nao ndio hao wanapungua. Kwa hiyo nilivyoingia Louwman niliingia na jicho hilo. Sikwenda kama mtalii sana, nilikwenda kuangalia watu wenye biashara kama ya kwetu wamefanyaje wasisahaulike.

Jengo lenyewe lilichorwa na Mmarekani, Michael Graves, na likafunguliwa na Malkia Beatrix tarehe 2 Julai 2010. Kabla ya hapo mkusanyiko ulikaa miji mingine, Leidschendam halafu Raamsdonksveer. Kwa nje ni matofali yaliyopangwa kama ukili wa mkeka, paa kubwa za mwinuko, hakuna vioo vingi vya kujionyesha. Ndani ni pana, dari juu huko, mwanga umetulia, magari yamepewa nafasi ya kupumua. Hii ni pointi muhimu kwa sababu nimeshaingia sehemu nyingine (sitazitaja) ambako magari ya zamani yamebanwa kama yako yadi ya mnada, unaona bampa tu na kibao. Hapa unaizunguka gari, unainama unachungulia chini, unaona chesesi, unaona jinsi fundi wa mwaka 1900 na kitu alivyofunga springi. Kuna na kasehemu wametengeneza kama mtaa wa zamani, vibaraza vya maduka ya enzi hizo, ndio kuna mgahawa hapo hapo ndani.

Mwanzoni unakutana na magari ya mvuke na mikokoteni iliyoondolewa farasi ikawekwa injini, na hapo usipite haraka. Ni rahisi kudharau kwa sababu hayafanani na gari. Lakini angalia usukani, mengine hata usukani hayana, ni mpini kama wa boti. Angalia taa, ni za mafuta. Shem alikuwa ananivuta twende mbele kwenye magari ya mbio, nikamwambia wewe nenda utanikuta.

Fahari yao Waholanzi ni Spyker 60 HP ya 1903, na wana haki ya kujidai. Hii gari ina silinda sita, inavuta matairi yote manne, na breki ziko kwenye matairi yote manne. Mwaka 1903! Ni ya kwanza kabisa kuunganisha hivyo vitu. Sisi tunavyotambiana "yangu ni fowili" tukipanda Lushoto wakati wa masika, kumbe wenzetu walishafunga fowili kabla hata reli ya kati haijaanza kujengwa. Na Spyker nayo ilikuwa biashara ya ukoo, ndugu wawili, Jacobus na Hendrik-Jan Spijker, walianza kwa kutengeneza magari ya farasi. Hao ndio waliotengeneza lile gari la dhahabu ambalo watu wa Amsterdam walimpa Malkia Wilhelmina mwaka 1898, ambalo ubavuni lina picha ya watu weusi na watu wa Asia wanapiga magoti wanatoa zawadi kwa mzungu. Picha siyo wao waliichora, lakini ndio hivyo, mfalme wa sasa alitangaza 2022 kwamba halitumii kwanza. Mmoja wa hao ndugu, Hendrik-Jan, alikufa 1907 kwenye ajali ya meli ya Berlin iliyovunjika pale Hoek van Holland ikitokea Uingereza, na kampuni haikukaa sawa tena, miaka ya ishirini ikafa kabisa. Kwa hiyo pale umesimama mbele ya gari la ukoo uliokwisha, limetunzwa na ukoo mwingine wa kazi ile ile. Mimi hilo lilinigusa kuliko silinda sita.

Watoto wote utawakuta kwa bata maji. Simaanishi bwawa, namaanisha gari. Inaitwa Brooke Swan Car, ya 1910, ilitengenezwa Lowestoft Uingereza kwa agizo la tajiri mmoja aliyekuwa anaishi Calcutta, India, Robert Nicholl Matthewson. Mbele ni kichwa na shingo ya bata maji mkubwa mweupe, macho yanawaka taa, mdomoni inatoa mvuke na maji ya moto, ina honi za mabomba unazipiga kama kinanda, na nyuma ina sehemu ya kudondosha chokaa barabarani, yaani, samahani kwa wanaokula, ionekane bata kajisaidia. Polisi wa Calcutta waliikataza barabarani kwa fujo iliyoleta. Baadaye ikanunuliwa na Maharaja wa Nabha, yaani mtawala wa jimbo moja huko huko India, na kwenye familia yake ikazaliwa nyingine ndogo ya umeme, mtoto wa bata, zote mbili ziko hapo zimekaa pamoja.

Nitasema ukweli wangu: ni kazi ya ajabu ya ufundi na nilicheka, lakini nilivyosogea nikajiuliza hayo maji ya moto yalikuwa yanamrukia nani. Barabara za Calcutta 1910 zilikuwa na watu wa miguu, wachuuzi, wavuta rikshoo, na huyu bwana kapita katikati yao na bata anayetema mvuke ili wapishe njia. Mama mmoja Mwarabu hivi alikuwa na watoto pembeni yangu, mtoto anauliza maswali mfululizo kwa Kifaransa, mama anacheka, nami nikaacha kufikiria ya Calcutta nikapiga picha kama wengine.

Haya, sasa tuje kwenye Toyota.

Ukiingia kwenye hilo jumba macho yanazoea haraka sana kung'aa. Rangi zinameta, nikeli inameta, ngozi za siti zimepakwa mafuta. Halafu unafika mbele ya kitu kimechoka, kimepauka, kina kutu, bodi ina mabonde, ndani kumechakaa vibaya, ungekikuta gereji bubu pale Gerezani ungeuliza tu kinauzwa kwa kilo ngapi. Kimewekwa pale kwa heshima zote. Hiyo ni Toyota AA, modeli ya kwanza ya gari dogo ambayo Toyota waliitengeneza, iliyoanza 1936.

Kwa kifupi kwa wasiojua, Toyota nayo ilianza kama biashara ya ukoo, na wala haikuwa ya magari. Mzee Sakichi Toyoda alikuwa mtu wa mashine za kufumia nguo. Mtoto wake Kiichiro ndiye aliyeng'ang'ania magari, mwaka 1933 wakafungua kitengo ndani ya kiwanda cha mashine za kufumia, na AA ikatoka 1936. Injini yake ya lita 3.4, silinda sita, waliisoma kutoka Chevrolet, na umbo la bodi waliliangalia kwa Airflow, zile gari za kampuni ya Chrysler. Na Chrysler ndio walikuwa wenye Dodge wakati huo, Dodge aliyokuwa anauza mzee Louwman. Mduara umefunga wenyewe, hakuna aliyeupanga.

Mpaka 1943 zilitengenezwa AA 1,404. Na zote zikapotea. Vita, chuma kuhitajika, umaskini baada ya vita, watu waliziendesha mpaka zikafa. Toyota wenyewe, hawa matajiri wa magari duniani, walipotaka kuadhimisha miaka 50 ya kampuni mwaka 1987 ilibidi watengeneze nakala mpya, kwa sababu ya kwao halisi hawakuwa nayo hata moja. Hebu fikiria hapo. Wenye mali hawana mali yao ya kwanza.

Halafu 2008 ikaibuka moja. Wapi? Urusi, upande wa Vladivostok, ilikuwa inatumika shambani. Usukani uliokuwa kulia umehamishiwa kushoto, vitu vya chini vimebadilishwa vikafungwa vya gari za Kirusi, yaani fundi wa kule amefanya kile kile ambacho fundi wa kwetu angefanya, spea ya Kijapani haipo, tafuta yoyote inayoingia, gonga, chomelea, kesho mtu anapeleka viazi sokoni. Akina Louwman wakaipata, wakaileta Den Haag.

Na hapa ndipo nawavulia kofia. Hela wanayo. Mafundi wa kukarabati wanao, wazuri sana, unaona kazi zao pale ndani. Wangeweza kuinyoosha ikarudi kama imetoka kiwandani Japani jana. Hawakuigusa. Wameiacha na kutu yake, na usukani wake wa kushoto, na uchafu wa shamba. Kwa sababu ukiitengeneza unapata gari nzuri ya 1936, lakini unafuta yule fundi wa Urusi, unafuta yule mkulima, unafuta miaka yote ambayo hiyo gari ilikataa kufa. Nakala ya kung'aa wanayo Wajapani tayari. Hii ni gari pekee ambayo inakuambia yenyewe ilipita wapi.

Nilikaa hapo muda mrefu mpaka shem akarudi kunitafuta. Akaiangalia, akaniangalia. "Sasa shem, hii si kama ya baba yako mkubwa pale Korogwe?" Nikamwambia ndio maana yake.

Maana sisi Afrika Mashariki, tuseme ukweli, Toyota ni kama ndugu. Kuna watu wamezaliwa ndani ya Hiace. Kuna wilaya nzima ambazo mgonjwa, maiti, bibi harusi na mwalimu mpya wote wamefika kwa Land Cruiser ile ile mkonga. Wazee wanaikumbuka Stout, ile pikapu ya Toyota. Sasa nionyeshe Stout moja ya zamani iliyotunzwa kwetu ikiwa na bodi lake la mbao na maandishi yake ubavuni. Zilizopo bado zinapiga kazi, zisizopiga kazi zimeshayeyushwa nondo.

Tena tunao ukoo ambao historia yao inafanana sana na hii ya Louwman. Akina Karimjee Jivanjee, walioanzia Zanzibar karne ya 19, wakafanya biashara ya kila namna, wakaingia mkonge, wakaingia magari, na Toyota Tanzania ni yao. Ule ukumbi wa Karimjee pale Dar ambao kila mtu anaujua ni jina hilo hilo. Mimi siku nikisikia wamefungua hata ghala moja tu lenye Toyota za kwanza kuingia Tanganyika, na matangazo ya zamani ya Kiswahili, na picha za mafundi wao, nitatoka popote nilipo nije nilipe kiingilio. Na Pijo je? Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Chris Rothwell pembeni yake, ndani ya Peugeot 404. Dar es Salaam! Vijana wa leo ukiwaambia wanakuona mzushi. 404 iliyovaa tope la masika ya Tanganyika ingeweza kusimama pale Den Haag karibu na ile AA na isione haya hata kidogo.

Narudi kwenye ziara. Magari ya mbio yapo mengi, ghorofa unayofika ukiwa miguu inauma, mengine yalitoka kwenye mkusanyiko wa Rosso Bianco wa Ujerumani ambao Evert Louwman aliununua 2006. Shem alikuwa peponi. Mimi nilipita, ni mazuri, ni mekundu, basi. Ipo Humber aliyokuwa anapandishwa Churchill na ipo Cadillac ya Elvis Presley, watu wamejazana na simu, lakini gari ambayo sifa yake ni aliyekuwa anaipanda hainivuti sana, napenda gari yenye maneno yake yenyewe. Kuna pia michoro na matangazo ya zamani ukutani, mengi ya Gordon Crosby, yule mchoraji Mwingereza wa magari ya mbio, na hayo nakushauri usiyapite. Kabla picha za kamera hazijawa rahisi kasi ilikuwa inachorwa kwa mkono, unaona vumbi, unaona dereva kakunja uso, unasikia kelele.

Kama ni mtu wa gari za kawaida ujiandae kisaikolojia. Mkusanyiko umeelemea kwenye adimu na za kifahari, ndio ladha ya wenye nyumba na ni haki yao. Mimi roho yangu ilikuwa inatafuta upande wa dukani. Muuza magari anakuwa na daftari la mauzo, risiti, ovaroli zenye jina la kampuni mgongoni, kalenda za ukutani, barua ya mteja anayelalamika gia inang'ang'ania. Kwangu mimi hivyo ndivyo biashara ya ukoo, gari lenyewe ni nusu tu ya habari. Ningesimama mbele ya daftari moja la mwaka 1934 lenye mstari wa ile Dodge, imeingia kwa bei gani, ingetoka kwa bei gani, muda mrefu kuliko mbele ya Bugatti.

Na hilo ndilo nililomwandikia binamu yangu usiku ule, mtoto wa mjomba wa Ngamiani, maana bado ana vitu viwili vitatu alivyovificha: lile bango la mbao, pasi ya kuunguzia namba kwenye vipini vya nyundo, na bahasha ya picha. Nikamwambia bango asilipake rangi mpya hata kama mke wake analiona chafu. Picha aziskani, aandike nyuma kwa penseli majina ya kila fundi aliyesimama hapo kabla mzee Kombo mpiga rangi hajatutoka, maana yeye ndio anawajua wote. Na kadi za zile gari kama zipo azitie kwenye plastiki, zisikae kwenye bati. Hakuna hela inayohitajika hapo, ni asubuhi moja ya Jumapili. Kanijibu "poa kaka" na kile kidole. Tutaona.

Mambo ya huduma haraka haraka. Wafanyakazi wanaongea Kiingereza bila shida na wanapenda kuulizwa, mzee mmoja pale alinieleza habari ya breki za Spyker mpaka nikajuta kidogo kuuliza. Maelezo yapo Kiholanzi na Kiingereza. Lifti zipo, mwenye kigari cha mtoto au mzee wa magoti hatapata tabu. Kugusa magari hakuna, na usijaribu, mwambie mtoto mapema kabla hajafika kwa bata. Chakula cha mgahawani ni kile cha Kiholanzi, mkate na vitu ndani ya mkate, mtu wa ugali akale kwanza nyumbani. Kahawa nzuri.

Kiingilio ni cha Ulaya, ukizidisha kwenda shilingi utaumwa kichwa, kwa hiyo usizidishe, na bei ya siku uiangalie kwenye tovuti yao kabla hujatoka. Jumatatu wamefunga. Siku nyingine wanafungua saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni kwa saa zetu za Kiswahili, na uwepo pale saa nne kamili, kwa sababu mchana mabasi ya wastaafu yanaingia na kwa Toyota AA huwezi tena kusimama peke yako. Kutoka stesheni kuu ya Den Haag unapanda basi linalopita njia ya Wassenaar, mwambie dereva Louwman, atakushusha karibu na geti. Kama una gari, parking ipo kubwa tu, na humo nje mara nyingine unakuta wageni wamekuja na vya kwao vya zamani, tulikuta Volkswagen ya mgongo wa kobe ina namba za Ubelgiji na kreti la viazi siti ya nyuma, mwenyewe anafuta kioo, tukaongea naye robo saa nzima bure bila kiingilio.